Salamu kwa Watu wa Selwick

Hounslow, London
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Selwick,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama Tevin, na Tevin na mkewe, na juu ya wote huyo mgeni mdogo ambaye bado hana jina. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa mchungaji akuletee, naomba Mungu haikuishia magotini mwake mwenyewe. Duka nalo? Bado unafungua makopo ya rangi kwa bisibisi ya Baba iliyopinda? Na Senge Rasoa, shangazi yetu, je, bado anaamka kabla ya kuku ili apate muda wa kutosha wa kuwalaumu ninyi nyote? Sisi huku ni wazima. Jennifer amehamishiwa wodi ya wazee na anasema wagonjwa wake ni wasikivu kuliko mume wake. Watoto wanaelewa kila ninachowaambia kwa Kiswahili, kisha wananijibu kwa Kiingereza kana kwamba mimi ni karani wa forodha. Mimi ningali katika ghala la mizigo pale uwanja wa ndege, napokea maua ya Naivasha yakiwa bado na usingizi, yakauzwe kwa watu wasiojua Naivasha iko upande gani wa dunia. Unaona? Sijamaliza salamu na tayari nimeanza ugomvi.

Umekuwa ukinitumia ujumbe wa sauti wiki baada ya wiki, na kila mara nimekujibu kwamba bado natafuta. Leo nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hukatizana, na jambo hili nataka ulisikie lote kabla hujaninyamazisha. Usidhani nimetulia kwa kuwa mwandiko umenyooka. Nimekaa, nimeinuka, nimefungua dirisha, nimelifunga, na Jennifer amenifukuza jikoni baada ya kunikuta nikipanga upya masufuria yake.

Acha kwanza nilirudie ombi lako, tusije tukasema baadaye kwamba hatukuelewana. Mjukuu wako analia. Amepimwa, hana homa, tumbo ni zuri, ananyonya, lakini analia mpaka majirani wameanza kuwaletea ushauri ambao hamkuuomba. Tevin anataka kumpa jina lako. Senge Rasoa amekataa. Amesema jina hilo la Selwick lilichukuliwa kwa watu na halijawahi kurudishiwa salamu, na likipita kwa mtu wa pili kabla wenyewe hawajaambiwa, mtoto atalililia mpaka aote meno. Kwetu ndivyo tunavyojua: mtoto hupewa jina la mtu, na watu wa somo wake huendewa, hupelekewa jogoo na sukari, huambiwa kwamba jina lao limetunzwa. Na somo wako, kama Baba alivyotusimulia utoto wetu wote, ni Bwana Selwick, fundi mkuu aliyekuja kutoka London na jenereta ya kiwanda cha chai kule Nandi. Akakunja mikono ya shati. Akanywa chai na Baba kwa kikombe kimoja cha bati. Siku ya kuondoka akamshika bega akamwambia, Mashine hii sasa ni yako. Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe. Kwa hiyo ukaniambia mimi niliye huku niwatafute watoto au wajukuu wa mzee huyo, niwapelekee salamu zako. Ubatizo unangoja. Mtoto naye anangoja, kwa kelele.

Sasa sikiliza. Kiwanda cha Selwick kipo. Ni mwendo mfupi wa basi kutoka kwangu, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na jina limejengwa juu ya ukuta kwa matofali meupe, herufi ndefu kuliko mlango wa nyumba yako. Nilipita pale miaka mingi bila kuliona kwa sababu lilifichwa na miti. Mwaka jana miti ilikatwa, kwa kuwa kampuni ya majumba imelinunua jengo iligeuze flati, nao wanataka jina libaki. Wamebandika uani picha za wanandoa vijana wakinywa divai chini ya jina lako. Urithi, wameandika. Neno hilo likitamkwa na mwenye kuuza nyumba, mimi hushika mfuko wangu.

Unanijua. Nilikwenda maktaba kabla sijakwenda nyumbani. Hawa watengenezaji wa kwanza wa vifaa vya umeme wanasifiwa huku kama manabii waliosema iwe nuru. Wengi wao walianza kwa kuuza karatasi! Karne ya kumi na tisa ikielekea ukingoni, kila mwenye kofia ndefu alianzisha kampuni ya taa za umeme, akauza hisa kwa wajane na makasisi, na nyingi ya kampuni hizo zikafa kabla ya kuwasha taa hata moja. Zilizobaki ziliunda dainamo, nyaya na mbao za swichi, na sitawanyima haki yao: ziliunda vizuri. Lakini ziliunda kwa mikono ya nani? Balbu zilinyonywa hewa kwa pampu za zebaki, na zebaki ile iliwatetemesha vidole waliozihudumia. Nyaya zilivikwa mpira, na sehemu ya mpira wa siku zile ilitoka Kongo, na jinsi ulivyotolewa Kongo huhitaji kuambiwa na mimi. Selwick wa kwanza, kwa yote niliyoyasoma, aliununua bila kuuliza swali hata moja. Akapewa nishani.

Basi nikaandika kijikaratasi, kurasa chache zenye moto, nikakiita Jina Lishuke. Nikakisambaza mlango kwa mlango na Agathe, jirani yetu wa ghorofa ya chini. Agathe ni mama wa Bukavu, anatunza wazee majumbani kwao na kuongoza kwaya, na marehemu mumewe alikuwa mtu wa jimbo la Ekwateri, kule Kongo kulikotoka mpira wenyewe. Alikisoma akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, mboga zikiungua. Akaniambia, Kaka Jotham, ile jina itoke. Watoto yangu hawatapita chini yake. Tangu siku hiyo alikuwa askari wangu bora. Mzee mmoja alipotufungia mlango usoni, Agathe aliimba pambio pale pale kizingitini mpaka mzee akafungua na kutia sahihi, ili apate kulala.

Na wewe, ndugu yangu, ulikuwa wapi katika vita hivi? Ulikuwa kila mahali. Kila nilipopaza sauti kwamba jina hili ni la aibu, niliuona uso wako. Kwetu mtu hatukani jina mbele ya mwenye nalo, na hata mama hamchapi mtoto aliyeitwa kwa jina la baba mkwe wake bila kuomba radhi kwanza. Nilijiambia kwamba London haihesabiki. Nilijiambia pia kwamba nikishamaliza kulishusha jina nitawatafuta wajukuu wa mzee wako kwa adabu, niwape sukari. Mwenyewe niliona jinsi mpango huo ulivyokuwa wa kipumbavu, nami nikaendelea nao.

Mkutano wa kwanza wa mtaa juu ya jina ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Nilinguruma. Watu walipiga makofi, Agathe akapiga kigelegele, na yule kijana wa kampuni ya majumba akawa mwekundu kama nyanya. Ndipo akainuka mwanamke mzee wa Kihindi, sari ya samawati, sweta ya kijivu, raba miguuni. Akawaambia watu kwa Kiingereza kwamba anaitwa Sushila na kwamba alifanya kazi ndani ya kuta zile kuanzia usichana mpaka lango lilipofungwa. Kisha akanigeukia. Alikuwa ameitambua lafudhi yangu. Kwa Kiswahili cha madukani Kisumu, mbele ya ukumbi mzima, akaniuliza, Wewe kijana ya wapi? Vihiga? Basi kaa chini, mama nasema.

Nikakaa. Nina mvi kidevuni, na nikakaa. Agathe alicheka mpaka akashika kiti cha mbele yake.

Sushila akasema alikuja kutoka Kisumu na sanduku moja, wakati ambapo Kenya ilikuwa imewaambia Wahindi wa kwao kwamba pasipoti zao si za hapo, na Uingereza ilikuwa inatafuta namna ya kuwaambia hivyo hivyo. Hakuna ofisi iliyotaka msichana mwenye sari. Lango lililomfungukia ni lile lenye herufi nyeupe. Akauliza, mkilishusha jina, mimi nitakuwa nimefanya kazi wapi? Nikamrukia, nikasema kazi yake haikuwa zawadi ya akina Selwick, na kwamba hao akina Selwick aliokuwa akiwatetea walikuwa wakifuga farasi kwa jasho lake. Akanitazama kama mtu anayemtazama mteja asiyejua bei. Akina Selwick gani, akauliza. Wakati wake hapakuwa na Selwick hata mmoja mle ndani. Jina lilikuwa limeuzwa pamoja na mashine, tena si mara moja, kama duka linavyouzwa na kibao chake cha mlangoni.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Wakati wake ndio wakati wa Baba. Jenereta ya Nandi ilitoka pale katika miaka aliyokuwamo yeye.

Nilirudi maktaba nikitumaini kwamba bibi yule amesahau. Hakusahau. Selwick wa mwisho aliuza hisa zake kabla ya vita vya pili na akafa bila mtoto, na kweli alikuwa akifuga farasi. Kampuni ilimezwa na nyingine kubwa, nayo ikamezwa na kubwa zaidi, na katika kumezana huko jina la Selwick liliachwa kwenye vibao vya mashine kwa sababu wanunuzi wa makoloni walikuwa wamelizoea. Basi ni nani aliyekunywa chai na Baba?

Nilikwenda Neasden kumwona Sushila nyumbani kwake. Nisikufiche, sikwenda kwa upendo. Nilikwenda kutafuta silaha za mkutano wa pili. Nilikuwa natoka dukani, nina mfuko wa Jennifer wenye sukari, ndizi na sabuni, nikaona nipitie tu, nikavuka London nusu nzima ili nipitie tu. Alinifungulia bila kushangaa. Akanipa chai ya tangawizi na bakuli la chevda, vile vitafunio vya Kihindi, akaniuliza kama ziwa bado lina magugu, akaniambia nimekonda kwa hasira.

Nikamuuliza kazi yake ilikuwa nini. Akasema chumba cha mwisho. Mashine ikishaundwa, ikajaribiwa, ikapakwa rangi, iliingizwa katika chumba cha wasichana ili ifungwe kibao cha shaba chenye jina, kabla haijatiwa kwenye kreti. Skrubu nne. Lakini skrubu peke yake hazikutosha, akasema, maana matapeli walikuwa wakivibandua vibao na kuvifunga kwenye mashine mbovu ili waziuze kwa bei ya Selwick. Kwa hiyo ukishakaza, unachukua tindo butu na nyundo, unaponda kichwa cha skrubu mpaka ule mfereji wa bisibisi unazibika. Halitoki tena jina hilo ila ukate chuma. Akanionyesha kwa kijiko cha chai juu ya meza, ta, ta, kichwa ameinamisha upande, na mikono yake ikawa mikono ya msichana.

Ndugu yangu, chai ilinipanda puani.

Unakumbuka siku stima ya serikali ilipofika kiwandani Nandi, jenereta ikauzwa kuwa chuma chakavu? Baba alimwomba meneja kibao kile. Meneja akamwambia, ukiweza kukitoa ni chako. Baba alirudi nyumbani jioni bila kibao, na kiganja kinachovuja damu na bisibisi iliyopinda, ile ile unayofungulia makopo ya rangi. Mama akamwosha mkono. Baba alisema neno moja tu, lile ambalo tulilicheka miaka yote, kwamba skrubu za yule mashine zilikuwa zimefumba macho. Tulidhani ni kutu. Haikuwa kutu. Lilikuwa tindo la chumba cha mwisho.

Nikamuuliza kuhusu fundi mkuu. Nilimweleza mikono ya shati iliyokunjwa, kikombe cha bati, bega. Alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Akasema mashine za ukubwa ule hazikusindikizwa na mtu. Zilikwenda na kitabu cha maelekezo, zikapokewa na wakala wa Nairobi, wakala akatuma kibarua wa kufunga nati. Hakuna Mzungu aliyekwenda Nandi. Hapakuwa na Bwana Selwick wa kwenda.

Najua unavyosoma hapa. Najua unavyopenda kuisimulia habari ile dukani. Mimi niliichukia nilipokuwa kijana, nikaiita hadithi ya mtumwa anayempenda bwana wake, na nikamwambia Baba hivyo usoni. Sasa najua nilikosea. Bwana hakuwapo. Aliyekuwapo ni mashine. Unakumbuka alivyokuwa akienda shifti na ndimu mfukoni? Alikisugua kibao kile kwa ndimu na majivu kabla hajagusa kitu kingine chochote. Aliipenda mashine ile kama wengine wanavyopenda ng'ombe, na wewe ulipozaliwa alitaka ubebe jina lililokuwa mbele ya macho yake kila siku. Lakini angewaambia nini wazee? Kwetu mtoto haitwi kwa jina la chuma. Wangemfukuza barazani. Kwa hiyo alikipa chuma mtu. Akampa shati, akamkunjia mikono, akamnywesha chai. Na kwa kuwa alikuwa mtu mpole, akamfanya yule mtu awe mpole pia.

Sasa nafika kwenye jambo linaloniinua mezani. Nimefanya kitu kwa jina lako bila ruhusa yako. Pale pale sebuleni kwa Sushila nilisimama, nikatoa sukari na ndizi kwenye mfuko wa Jennifer, nikampa kwa mikono miwili. Jogoo sikumpelekea, wala usimwambie Senge nilivyopatwa na wazo hilo. Katika nyumba ile isiyokula nyama hata yai haliingii. Nikasema maneno: kwamba mimi Jotham nimetumwa na ndugu yangu Selwick kwa watu wa jina, kwamba jina mlilotupa tumelitunza, na kwamba liko tayari kwenda kwa mtoto. Mimi, niliyewaambia kwamba mambo ya Senge ni giza la zamani, niliyasema yote mpaka mwisho. Sushila hakuniuliza nina wazimu gani. Alivuta sari kichwani, akapokea.

Nilimuuliza kama anaweza kuapa kwamba kibao cha Nandi kilipita mikononi mwake. Akasema hawezi. Wasichana walikuwa wengi mle chumbani, na mwenzake mmoja, mke wa Surjit, alikuwa na nyundo nzito kuliko yeye. Labda yeye, labda huyo. Mimi ninayewadai maaskofu ushahidi, niliikubali labda hiyo na kurudi nayo kwenye treni kama mtu aliyebeba yai.

Na bado sijamaliza. Kwenye mkutano wa pili nilisimama nikakikana kijikaratasi changu mwenyewe. Nilisimulia habari yako na ya Baba, nikasema jina libaki, ila chini yake iandikwe mikono: walioguswa na zebaki, watu wa mpira wa Kongo, wasichana wa chumba cha mwisho. Baraza la mtaa limekubali kuwe na maandishi. Kampuni ya majumba inaomba yawe mafupi. Agathe aliinuka, wala hakupiga kelele, na heri angepiga. Akasema, Kumbe vita yako, kaka, ilikuwa inangoja tu ndugu yako aguswe, iishe. Nilimpinga kwa sentensi nyingi. Nilipofika nyumbani nilikuta hakuna hata moja iliyomjibu. Watu wa mumewe wataandikwa chini ya jina la mtu aliyenunua mateso yao, na aliyeomba iwe hivyo ni mimi. Nimempelekea chapati. Alizipokea, akafunga mlango. Sijui kama nilitenda haki. Kwa mara ya kwanza tangu unijue, nakuambia sijui.

Kama utakasirika, anza na mimi, maana Baba hayupo wa kujitetea. Ukiamua mtoto aitwe jina jingine, nitalipenda. Lakini usiseme halikuendewa. Limeendewa, na aliyelipokea ni binti wa Kisumu.

Msalimie Mama Tevin, na umwambie maua ya Naivasha bado yananikumbusha harusi yenu. Mwambie Senge Rasoa chochote unachoona kichwa chake kitabeba. Jennifer anawasalimu, watoto pia, kwa Kiingereza. Na salamu za mwisho si zangu. Nilipokuwa navaa koti mlangoni, Sushila alinirudisha, akasema nimfikishie mtoto neno hili kama lilivyo, asemezwe sikioni: Usilie, baba. Nilikaza mwenyewe. Haitoki.

Ndimi kaka yako mgomvi, anayekupenda,
Jotham